Madoa ya Bunduki ya Shemeji

Wenzake walimwita Sikio, kwa sababu kabla hajataja thamani ya bunduki yoyote ya kale aliichomoa mitutu, akaining'iniza kidoleni na kuigonga kwa ukucha. Ikilia kwa sauti ndefu, safi, alitabasamu. Ikikohoa, alikuna kichwa. Watu walimfuata toka mbali, maana kwa miaka thelathini hakuwahi kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Mkewe alisema hata bibi harusi akimuuliza kama amependeza, ataomba kwanza wasogee dirishani kwenye mwanga.

Asubuhi moja dada yake mkubwa alipanda ngazi akihema, amekumbatia bunduki ya mitutu miwili ya marehemu mumewe, imefungwa kwa shuka.

"Mdogo wangu, siuzi," alisema akikaa. "Nataka kujua tu. Shemeji yako miaka yote alikuwa ananiambia hii bunduki thamani yake ni nyumba nzima. Nami nikamwita mwongo mpaka siku anafariki. Sasa niambie, alinidanganya?"

Sikio aliifungua shuka. Chuma kiling'aa kama kijiko kipya, naye akakuna kichwa.

"Nimekusafishia," dada alisema kwa fahari. "Siku mbili nzima, kwa msasa. Ilikuwa na madoa madoa kama ndizi mbivu."

Ole wake! Madoa yale ni rangi ambayo fundi wa zamani aliipika chumani kwa moto, na wanunuzi hulipia hayo hayo. Hata nakshi zilikuwa zimelika. Kware mmoja aliyechongwa chumani alibaki bila kichwa. Mtu mzima na mvi zake, Sikio alitamani kulia. Aliigonga mitutu, ikalia vizuri ajabu. Akaigonga tena na tena, huku akitafuta uongo mdogo wa kumpa dada yake. Hakuupata; hakuwa na mazoezi.

"Shemeji alisema kweli, dada. Ilikuwa nyumba nzima."

"Ilikuwa?"

"Mpaka ulipoyatoa madoa."

Dada alivitazama vidole vyake, bado vina weusi wa chuma kwenye kucha. Akajifunika uso kwa shuka, mabega yakatikisika, na Sikio hakujua analia au anacheka.

"Nyumba nimeibomoa mwenyewe," alisema hatimaye. "Hebu rudia ulivyosema mwanzo."

"Shemeji alisema kweli."

Kisha Sikio akarudia tena, bila kuombwa.