Jumamosi za Bibi Kochi

Nina miaka sitini na minane, na hapa mtaani wachache wanalijua jina langu. Wananiita Bibi Kochi. Siwalaumu. Kwa mwaka na nusu sasa, kila Jumamosi picha yangu inaingia kwenye simu zao, nimekaa kwenye kochi jipya, nacheka kama mtu aliyeokota pesa. Kochi wanalinunua. Kicheko wanapewa bure.

Karakana ni ya binti yangu. Anatengeneza makochi mapya na kuvisha upya yaliyochoka, nami nashona foronya za mito kwa cherehani ileile iliyonisomeshea watoto. Mumewe alikwenda kutafuta maisha, akayapata, hakurudi. Kwa hiyo tuko mimi, yeye, wanawe wawili, na harufu ya gundi ambayo siku hizi naionja mpaka kwenye chai.

Zamani tulikuwa tunajitangaza mwisho wa mwaka tu, watu wanapopamba nyumba. Lakini mafundi wote wa mji nao walikuwa wanajitangaza wakati huohuo, ikawa kelele tupu. Miezi iliyobaki tulikaa kutazamana. Ndipo binti yangu akaenda semina ya wafanyabiashara wadogo, akarudi na kalenda kubwa ya ukutani na maneno ya mwalimu wake. Mteja hanunui siku unayotangaza, ananunua siku kochi lake linapovunjika, na siku hiyo lazima akukumbuke wewe. Usikose hata wiki moja.

Nikamwambia, "Mwanangu, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Mama, siku hizi vyote vinatembezwa."

Alisema kweli.

Kwenye picha niliingia kwa bahati tu. Nilikuwa nimejipumzisha kwenye kochi lililokwisha, mjukuu akaanguka ndani ya gunia la vipande vya sponji akabaki miguu juu, nikacheka mpaka pengo langu likaonekana. Binti yangu alikuwa ameshika simu. Picha ile ilileta wateja kumi na moja. Wiki iliyofuata akaweka kochi peke yake, zuri kuliko la kwanza, wakauliza, "Yule bibi yuko wapi?" Hapo ndipo nilipokwisha. Nilikaa kupumzika dakika tano, sijainuka mpaka leo.

Mwanzoni nilijidai, sitasema uongo. Sokoni nilikuwa naongezwa nyanya. Lakini mwezi wa tatu mwaka huu dada yangu, tumbo moja na mimi, mkubwa wangu kwa miaka sita, akapiga simu. Miguu ilikuwa imemvimba, kitandani haamki. Akasema, "Njoo unikalie, mdogo wangu, wakati bado naijua sauti yako."

Kwake ni safari ya siku nzima, na magoti yangu yakisafiri siku moja hunigomea siku tatu. Tena kuuguza si kwenda harusini, huwezi kusema utarudi Ijumaa. Nikamwambia binti yangu. Akaitazama kalenda yake, akasema, "Sawa mama. Tumalize oda hii kwanza, wiki ijayo utakwenda." Wiki ijayo ikawa na wiki ijayo yake.

Wazo la kujikomboa lilikuwa langu mwenyewe, na nilijiona nina akili kuliko mwalimu wa semina. Tupige picha za miezi minne kwa siku moja! Makochi tuliyokuwa nayo ni mawili. Tukaazima vitambaa kwa muuza vitambaa wa jirani, tukawa tunayavisha na kuyavua, tunabana kwa pini nyuma pasipoonekana. Mimi nabadilisha gauni na kilemba, nakaa, nacheka. Picha kumi na sita. Kufika ya kumi mashavu yaliniuma, nikawa nacheka kwa meno tu. Jioni vitambaa vikarudi dukani, nami nikaanza kufunga mizigo.

Picha ya pili haijamaliza wiki, wakaja watu watano wanataka kochi la kijani. Muuza vitambaa alikuwa ameshakiuza kile cha kijani mpaka kipande cha mwisho, na mahali pengine hakikupatikana. Mwanamke mmoja akasimama mlangoni akatuita matapeli, watu wanasikia. Mafundi wazima tumesahau kwamba kochi lisilo na kitambaa halipo! Binti yangu akazifuta picha zote zilizobaki. Kuanzia hapo ikawa lazima kochi liwe la kweli, limekwisha, na mimi niwe juu yake, kila Jumamosi. Nikafungua mizigo. Nilijiona nimefungwa kamba niliyoisokota mwenyewe.

Miezi ikapita hivyo. Nikipiga simu kwa dada, mwanawe ananiambia amelala. Mwezi wa saba nikamkaba: "Mwanangu, niambie ukweli. Mama yako ana nini na mimi?"

Akasita. "Mama mdogo, usinichukie. Kila Jumamosi ananiambia nimwonyeshe picha yako. Anaitazama weee, halafu anageukia ukutani. Amesema tusikusumbue tena. Anasema, 'Mwacheni, ana raha zake, hamwoni anavyocheka?'"

Nilikaa chini. Kumbe kicheko kile kilikuwa kinamfikia na yeye. Nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona katika umri wangu wote.

Jumamosi hiyo nikaketi kwenye kochi la kahawia. Binti yangu akainua simu. Uso ukakataa.

"Mama, kidogo tu."

Nikamweleza. Akaishusha simu akakaa sakafuni, mikono ina gundi, akasema taratibu, "Mama, ukiondoka watatusahau. Mimi nitawalisha nini watoto hawa?" Hakuwa anabisha. Alikuwa anaogopa, na mimi ndiye niliyemzaa, naijua sauti yake ya kuogopa. Nikamwambia tu kwamba Ijumaa nitaondoka. Wiki nzima hatukusemeshana, lakini Alhamisi nilikuta amenifungia begi na kunishonea mto wa kuegemea njiani.

Nilifika Jumamosi asubuhi. Dada alikuwa amekonda, macho ndiyo yaliyobaki makubwa. Nikakaa ukingoni mwa kitanda nikamshika mkono. Alinitazama, kisha akautazama mlango kama anayemtafuta mtu niliyekuja naye.

"Leo si Jumamosi?" akauliza. "Kochi umemwachia nani?"

Simu ikalia kwenye begi. Nilijua ni nani na nilijua anataka nini. Ikalia mpaka ikachoka.

"Halina mtu, dada."

Akanisogeza karibu, akanishika kidevu kama alivyokuwa akinishika nikiwa mtoto, akaugeuzia uso wangu dirishani auone vizuri.

"Mbona hucheki?" akasema. "Kwangu mimi ndiyo huchekagi?"