Mashahidi Wawili Mezani kwa Kituyi

Lawrence Kituyi hupima mahindi ghalani siku sita za wiki, na nadhani huko ndiko alikojifunza kutomwamini mtu. Siku ya saba, baada ya kanisa, tunakutana sebuleni kwake, mtaa wa West Indies, kucheza hadithi. Yeye ndiye msimulizi. Sisi kila mmoja ana mhusika wake, na dadu huamua kama upanga umepata au umekosa.

Mwanzoni aligawa uwezo wa kimiujiza kama njugu. Baada ya mwezi wahusika wote walikuwa wanapaa, hakuna aliyeogopa kitu, na mchezo ukatuchosha. Ndipo akaleta sheria ya nyumba yake: uwezo wote ni wa kuazima. Ukitaka uwe wako daima, wachezaji wawili uliowaokoa kwa uwezo huo wasimame watoe ushuhuda, kama kanisani. Na anayehama meza anarudisha alichoazima.

Sheria hiyo ndiyo iliyomfukuza Dennis. Aliomba moto wa mikono yake uwe wa kudumu, akapata shahidi mmoja tu, Nelima. Akaondoka kwa hasira, na kwa miezi minane hatukumwona. Lawrence hakumbembeleza. Alisema sheria ni msumeno, nami nikanywa chai yangu.

Jumapili iliyopita ikawa zamu ya Nelima. Kesho yake alikuwa anahamia Soy kufundisha. Kwa miaka miwili mhusika wake, tabibu, ametuponya kwa kutugusa, na kila akiponya anapoteza damu yake mwenyewe. Alitaka kuondoka na tabibu huyo akiwa kamili, asibaki mtu mtupu. Mimi nilisimama papo hapo nikamshuhudia. Mwingine pekee aliyewahi kuponywa naye alikuwa Dennis.

"Mpigie," Nelima akamwambia Lawrence. "Ama ni lazima niende hivi?"

Lawrence ana kiburi; nampenda, lakini ndivyo alivyo. Alishika simu mpaka chai yake ikapoa. Alipopiga, alianza kwa kuomba msamaha, jambo ambalo sijawahi kumsikia akilifanya.

Dennis alikuja kutoka mtaa wa Elgon View, anakoendesha gari la familia moja, funguo bado mkononi. Hakuketi.

"Mhusika wangu alikuwa anakufa pale kwa daraja," alisema. "Nelima akatoa damu yake karibu yote. Mpe hiyo kitu, ni yake."

Lawrence akaandika kwa biro katika daftari la mchezo, maana vya kuazima huandikwa kwa penseli. Nelima akalia bila aibu. Dennis akageukia mlango.

Nafsi ikanisuta. Mtu niliyemkosea alikuwa amekuja kumsemea mwenzake bila kupata chochote, na mimi nimekaa.

"Dennis, ngoja," nikasema. "Ule moto wako ulinitoa kwa pango. Nilijua. Nilinyamaza juu ya wivu, sikutaka unishinde."

Lawrence hakuniangalia. Alifungua daftari nyuma kabisa, biro mkononi, kwenye ukurasa wa Dennis, ambao muda wote huo hakuwa ameuchana.

"Miezi minane, Muthoni," Dennis alisema. Kisha akavuta kiti, akaketi.