Mikungu Arobaini na Mmoja kwa Kufunika Bei Moja

Mikungu arobaini na mmoja ya ndizi! Ndiyo iliyonitia aibu, na nimeihesabu mara mbili. Kosa ni langu, sitafuti mchawi.

Bi Zuhura wa Makandana, hapa Tukuyu, hupeleka ndizi na viazi Dar. Alinunua kompyuta ya mtumba, akataka programu ya kumpigia hesabu za mzigo. Tukapatana: kila faili nitakaloandika, mkungu mmoja.

"Na ikisumbua?"

"Natengeneza bure, mama." Kinywa hiki!

Kazi ilitaka faili sita. Lakini tamaa, jamani! Bei ni namba tu. Mimi nikaiundia klasi, yaani kipande cha programu chenye faili lake, ya kuifunika, nayo nikaifunika kwa nyingine, kisha ya tatu, hadi mafaili yote yakawa arobaini na moja, kama mtoto wa Tukuyu anavyorundikiwa masweta mwezi wa Juni. Zote nikazitawanya kwenye mapakeji, folda ndani ya folda. Jina zuri kila moja, kazi hakuna.

Haki isemwe: klasi ya Debe ilistahili sweta lake. Ilikataa katakata kujumlisha madebe ya viazi na mikungu ya ndizi. Zilizobaki zilipokea namba na kuipitisha mbele, kama karani anayekutuma dirisha la pili.

Sasa soko huria hili, bei haingoji chai ipoe. Asubuhi moja ikapanda. Lori limejaa, injini inanguruma, na mnunuzi wa Dar hapokei ankara ya mkono. Nikafungua klasi ya Bei niibadilishe namba. Ikanituma BeiYaSoko. Hiyo ikanituma pakeji nyingine. Nikajikuta nimerudi kwenye Bei!

"Mwanangu, unatafuta bei au unachimba choo?"

"Naikaribia, mama."

"Na ndizi zinakaribia kuiva."

Siku ya tatu ndipo nilipoipata. Lori lilikuwa limeshashusha ndizi zote dukani kwa Bi Zuhura, zimeiva. Ole wangu!

Bi Zuhura ametoa hukumu: nisafishe programu, na kila faili nitakalofuta nirudishe mkungu wake. Thelathini na mitano! Nami nimeshaila, mingine nimeuza. Nisiposafisha, bei ikipanda tena nachimba bure.

Wenzangu, funikeni kitu pale tu kifuniko kinapozuia kosa. Na msipatane malipo kwa faili!

Sasa nishaurini. Zile ndizi zilizoiva anazitoa kwa bei ya huruma, hapo hapo dukani kwake. Nikizinunua nikamlipa nazo, nitakuwa nimekosa tena?