Sauti Haikuwa Kwenye Laini

Mke wangu alinunua simu yake ya kwanza ya kugusa kioo kwa ule mpango wa kulipa kila siku. Unatoa malipo ya kwanza, unaondoka nayo dukani, kisha kila siku unatuma kiasi kidogo. Usipotuma, simu inajifunga yenyewe. Kioo kinakuwa cheusi, maandishi yanatokea kukukumbusha deni, na huwezi kuifanyia lolote mpaka ulipe.

Nilimwambia kwamba hiyo si simu, ni askari jela ambaye yeye mwenyewe anambeba mfukoni.

"Wewe profesa," akanijibu, "hata hiki chumba tunalala kwa njia hiyo hiyo. Hebu tusilipe mwezi mmoja uone kama kufuli haitakuwa mlangoni."

Aliniita profesa kwa sababu nilimaliza kidato cha nne na sikuacha watu wasahau. Nilikuwa nimefanya vizuri katika hesabu na fizikia. Nikawa karani wa stoo huko reli, na miaka yote hiyo niliwasahihisha wenzangu hata pale ambapo hakuna aliyeniuliza. Nilipostaafu nilinunua ploti Njiru. Kisha nikaiuza ili niingie katika biashara ambayo mtu fulani alinichorea kwenye karatasi, mistari yote ikipanda juu. Mistari ilikuwa mizuri. Pesa haikurudi, nasi tukahamia chumba kimoja hapa Tassia, Nairobi, ghorofa ya nne, dirisha likitazamana na dirisha la jirani. Mke wangu hakunisema kwa hilo. Siku ya kuhama alibeba stovu, akanitangulia kwenye ngazi.

Yeye ndiye aliyetulisha tangu hapo. Alinunua sweta za watoto soko la Gikomba. Robota la mitumba likifunguliwa, nguo nzuri zinazochukuliwa kwanza huitwa kamera, na zile zinazobaki chini huitwa fagia. Alinunua fagia. Alizifua, akashona vifungo vilivyokatika, akazipiga pasi, akaziuza hapo chini karibu na lango. Na kabla ya kununua maziwa au mboga alituma pesa ya simu.

Aliitaka simu hiyo kwa sababu ya binti yetu. Ni mtoto wetu wa pekee, na alikuwa ameenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Macho ya mke wangu hayakuweza tena kusoma herufi ndogo, kwa hiyo binti alimpigia akamfundisha kwa subira jinsi ya kubonyeza alama ya kipaza sauti, kuongea, kisha kuachilia kidole. Jioni nzima ilikuwa ni hayo. Mama anaketi ukingoni mwa kitanda, anaongea na kile kioo kana kwamba mtoto yuko ndani ya sufuria na asiposogea karibu hatamsikia. Anamweleza bei ya nyanya. Anamweleza jirani aliyeanika blanketi kwenye kamba yake. Halafu anacheka peke yake na kutuma.

Mimi nilikuwa na mambo yangu. Nilikuwa na simu ndogo ya tochi, na simu ya tochi inatosha kwa kubeti. Unatuma ujumbe, unachagua timu, unasubiri. Sitadanganya kwamba sikujua hesabu yake. Nilijifunza uwezekano nikiwa shuleni, kwa sarafu na kete, na ningeweza kumweleza mtu yeyote kwa nini ukichagua mechi nyingi pamoja nafasi yako inapungua mpaka inakaribia sifuri. Nilijua hayo, na bado nilibeti. Nadhani niliamini kwamba anayeelewa jinsi watu wanavyopoteza hawezi kuwa mmoja wao.

Mke wangu alipougua figo, alilazwa. Wiki hiyo hiyo binti yetu akanyamaza. Baadaye tulijua kwamba mwajiri alikuwa amemnyang'anya simu, lakini wakati huo tuliona tu kwamba kila sauti anayotumiwa inabaki na tiki moja, maana yake imetoka kwetu na haijafika kwake. Mke wangu aliendelea kutuma. Alisema siku moja mtoto atafungua azikute zote pamoja.

Jumamosi moja, wakati wa kuona wagonjwa, aliniomba nimsaidie kuketi.

"Nataka kuongea na mtoto," akasema. "Nina maneno marefu leo. Kaa hapa unishikie simu, mkono unachoka."

Kantini ya hospitali ilikuwa na televisheni. Kulikuwa na mechi iliyobakisha dakika chache, ya mwisho katika orodha yangu, na zile nyingine zote zilikuwa zimeingia nilivyobashiri. Nikamwambia ngoja kidogo, nakuja.

"Ni mpira?"

"Ni chai tu."

"Haya, profesa. Kanywe chai yako."

Niliporudi alikuwa amemaliza. Simu ilikuwa chini ya mto na yeye amefumba macho, jasho kwenye paji la uso. Nikamuuliza amesema nini. Akasema, "Si yako. Ni ya mtoto." Sikusisitiza, kwa sababu nilikuwa bado nafikiria lile bao la dakika ya mwisho lililoniharibia. Siku mbili baadaye alifariki.

Watu wa nyumbani walichanga, tukampeleka magharibi, tukamzika kando ya mama yangu. Binti hakuja. Hakujua hata kwamba kuna msiba. Alipopata simu nyingine, yenye namba ngeni, alinipigia mimi kwanza, na mimi ndiye niliyemwambia. Sitaki kuandika jinsi alivyolia. Alipotulia nilimwambia, nikidhani ninampa faraja, kwamba mama yake alimrekodia maneno marefu wodini.

"Unayo?"

"Iko kwenye simu yake."

"Baba, zile zangu zote zilienda na simu niliyonyang'anywa. Sina sauti ya Mama hata moja. Hiyo simu iko wapi?"

Ilikuwa mezani mbele yangu, imejifunga. Siku za matanga hakuna aliyekumbuka kulipa.

Binti akatuma pesa ya kumaliza deni lote la simu. Aliitoa katika mshahara wake wa kwanza baada ya kuhama kwa yule mwajiri, na akaniandikia: Baba, hii ni ya Mama, usiiguse kwa kitu kingine. Niliiangalia pesa ile ikiwa imelala kwenye simu yangu ya tochi. Nilijiambia kwamba ikizaa mara mbili tu nitalipa simu, na kitakachobaki kitajenga msalaba wa saruji, maana kaburi lilikuwa na kijiti cha mbao. Sikuwa na tamaa ya kitu changu mwenyewe. Hilo ndilo lililonidanganya, kwamba safari hii sababu ilikuwa safi. Nikachagua mechi chache, zenye uhakika, kwa hesabu. Kufikia Jumapili jioni hapakuwa na pesa wala msalaba.

Hapo ndipo nilipofikiria fundi.

Fundi wetu wa simu ni mama wa makamo mwenye kibanda chini ya jengo la pili kutoka letu. Hutoa kufuli za simu kwa kuzifuta kabisa, zikabaki kama zilivyotoka kiwandani. Kazi hiyo inaitwa kuflashi, na bei yake ni ndogo sana kuliko deni lililobaki. Si haki kwa waliokopesha, nalijua hilo. Lakini haki ya waliokopesha haikuwa kitu kilichonisumbua siku ile. Nilichofikiria ni kama sauti ingebaki, na hapo nikatumia akili yangu ya shule.

Nilijiuliza: mtu akiibiwa simu hapa Nairobi, pesa yake iliyo kwenye simu huenda wapi? Haiendi popote. Anasajili laini upya, anaiweka katika simu nyingine, na pesa inamngoja palepale. Nimeona hivyo kwa watu wengi. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza simu nikapata pesa yangu yote. Tena katika simu yangu ya tochi majina ya watu yamehifadhiwa kwenye laini. Basi simu ni sanduku tu, nikasema, na kila kitu cha thamani kiko kwenye laini. Nilifurahia hoja hiyo. Niliipitia mara ya pili nikipanga maneno kama ninaandika jibu la mtihani. Sikumwuliza mtu, kwa sababu sikuwahi kuwa mtu wa kuuliza.

Nikatoa laini ya mke wangu kwa pini, nikaifunga kwenye karatasi, nikaiweka mfuko wa shati. Nikashuka.

"Niaje mzee," fundi akasema. "Hii imelala kitambo. Ni yako?"

"Ya mke wangu."

"Pole, mzee. Nilisikia." Akaigeuza. "Nikiflashi hii, inarudi tupu kabisa. Umetoa vitu vyako?"

Nikapapasa mfuko wa shati. "Nimetoa."

Kwenye benchi kulikuwa na mwanamume anayesubiri simu yake. Akacheka. "Buda amejipanga! Wengine wetu hukumbuka picha za harusi ikishafutwa."

Nami nikacheka. Nakumbuka hivyo kwa sababu tangu mazishi sikuwa nimecheka. Fundi akaunganisha waya kwenye kompyuta yake, mstari wa kijani ukaanza kutembea kutoka kushoto kwenda kulia. Nilisimama pale nikiutazama ukitembea mpaka mwisho.

Simu ikawaka kwa muziki wa dukani. Fundi akaweka laini, akarudisha ile programu ya kutumiana sauti, akaandika namba ya mke wangu. Kioo kikakaa kitupu kidogo. Kisha simu ikalia. Ikalia tena, ikaendelea kulia, sauti moja baada ya nyingine zikijipanga kwenye kioo.

"Nilijua!" nikasema kwa nguvu mpaka mtu wa benchi akainua kichwa. Nikalipa, nikapanda ngazi bila kupumzika kwenye ghorofa ya pili kama ninavyofanya siku zote.

Niliketi pale pale alipokuwa akiketi, ukingoni mwa kitanda. Nikabonyeza ya kwanza.

"Mama," sauti ikasema, "leo nimepata kunde kwa duka la Wahindi. Nimepika kama vile unapika, lakini haikutoka hivyo. Najua hausikii. Baba amesema atalipa simu, kwa hivyo nakutumia tu, ikifunguka zikuingie."

Ilikuwa ya binti yetu. Nikabonyeza nyingine, ikawa ya binti. Alikuwa akimtumia mama yake, kila siku tangu alipopata habari za kifo, kwenye simu iliyofungwa. Nilibonyeza zote nikitafuta ile nyingine, na katika zote alikuwa anaongea yeye. Za mke wangu hazikuwepo. Ile ya bei ya nyanya, ile ya blanketi, ile ya wodini, hakuna.

Nilirudi kwa fundi. Nikamwuliza zile za zamani zitaingia saa ngapi.

"Za zamani zipi, mzee? Si ulisema umetoa?"

"Laini. Nilitoa laini."

Akaniangalia, akaweka chini kile alichokishika. Hakusema neno la kuniudhi. Alijaribu na kompyuta yake muda mrefu, akaacha wateja wengine, na mwishoni akanirudishia pesa yangu. Nilipoona anarudisha pesa ndipo nilipoelewa kwamba sauti zake zilikuwa ndani ya simu yenyewe, na zimefutika.

Shuleni mwalimu wa fizikia aligonga chuma chenye meno mawili, akakigusisha kwenye maji ya beseni, na maji yakarukaruka. Akasema sauti ni mtikisiko, na chuma kikitulia sauti imekwisha. Niliandika hayo katika daftari na nikapata alama zote.

Nilikuwa bado kwenye ngazi simu yangu ya tochi ilipoanza kuita. Ni binti. Alikuwa ameona tiki zake zimekuwa mbili.

"Baba! Umeifungua! Ulilipa!" Alikuwa anapumua kama aliyekimbia. "Usikate. Weka ile ya wodini karibu na simu hii, nisikie. Hata kidogo tu."

Nikamwambia. Sikuwa na namna ya kuliweka vizuri, nikaanza na pesa, nikaja kwa fundi, nikamaliza na laini. Watu walikuwa wanapanda na kushuka wakinipisha.

"Sawa," akasema hatimaye. "Basi niambie wewe. Alisema nini?"

"Sikusikia."

"Si ulikuwa naye?"

"Nilikuwa kantini. Kulikuwa na mechi."

Nilisikia mlango ukifungwa huko aliko, na maji yakifunguliwa, labda ili waajiri wasisikie. Aliporudi sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya wakati akiwa darasa la kwanza.

"Basi niite tu. Vile Mama alikuwa ananiita."

Mama yake alikuwa na jina la utotoni alilomwita, na alilivuta mwishoni, kwa mtelemko fulani, akitaka aje ale. Nimelisikia maisha yake yote. Nilisafisha koo pale kwenye ngazi, nikaliita. Nikaliita tena, nikilivuta zaidi.

"Hapana," akasema. "Si hivyo."

Kisha akakata.

Bado hutuma pesa ya kodi kila mwezi, ila haandiki neno. Na bado hutuma sauti kwenye laini ya mama yake. Huingia jioni, wakati ule ule. Simu hulia mezani, nami nakaa upande wa pili wa kitanda nikisubiri inyamaze.