Feni ya bafuni na ndala za mtoto

Leo nimepigwa shoti bafuni kwa watu, na dawa yake eti ni ndala.

Niko Kimara, napiga plasta. Fundi umeme kafunga feni ya kutoa mvuke juu tu ya bomba la kuogea. Waya wa ethi, ule wa kukinga shoti, kaukata, maungio ya waya kayafunga kwa nailoni.

Nimeigusa feni kwa mkono wenye maji, nikajikuta chini.

Fundi akacheka. "Braza, bafuni unaingiaje peku? Vaa ndala."

Nikamwambia mama mwenye nyumba kuwa feni hii itaua mtu. Akashukuru, akatoka. Nikajua kaenda kutafuta fundi mwingine.

Karudi na ndala. Za mumewe, zake, na za mtoto, ndogo kama kiganja changu.



Nimezima meinswichi, nimekalia ndoo mlangoni mwa bafu, haogi mtu. Nyie mngeondoka?