Mwenyekiti wa Makofi

Nilikwenda Toronto kwa sababu Watanzania wa huko waliniomba niwaeleze gesi ya Mtwara itatufikisha wapi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 2010, gesi ni gumzo kila mahali, nao walikuwa wamesoma makala zangu mtandaoni. Hawakujua kwamba uchumi nimejisomea mwenyewe, chuo sijakanyaga. Hotuba niliiandika upya hadi nikaikariri, na bado iliniogopesha.

Ndani ya ndege nilirudia hoja yangu. Gesi au mafuta peke yake hayaharibu nchi. Nchi huharibika pale mapato ya mafuta hayo yanapomwezesha mtawala kuishi bila kuwauliza wananchi chochote. Mfano wangu ulikuwa wa bunge linalomwongezea kiongozi muda kwa makofi, bila kura.

Crescent Town, mtaa mmoja wa Toronto, nilipokewa na Baba Neema, mwenyekiti wa jumuiya yao, ambaye ndiye aliyehangaikia viza yangu. Mkewe alipakua wali na maharage. Binti yao, Neema, nilimsalimia kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza.

"Kesho ukimaliza kuongea tuna mkutano wa mwaka," Mama Neema aliniambia. "Hautakuchosha. Tunampigia huyu makofi, anaendelea. Ndivyo ilivyo tangu Neema hajazaliwa."

Nikaukumbuka mfano wangu wa bunge.

Asubuhi niliufuta ule mfano. Nikaisoma hotuba bila huo, nikaona imebaki maneno matupu. Nikaurudisha.

Ukumbini, nilipofika kwenye mfano wa makofi, nilitazama ukuta. Halafu Mama Neema akaangua kicheko.

"Baba Neema, mgeni anakusema wewe!"

"Nimesikia, mama. Kumbe mimi ni nchi ya mafuta, na kisima sina!"

Ukumbi mzima ulicheka. Nami nikapumua, nadhani kwa mara ya kwanza tangu Dar. Mwenyekiti akasema leo makofi basi, vikachanwa vipande vya karatasi vya kupigia kura. Alishinda, ingawa kura za hapana zilikuwepo, na zilisomwa kwa sauti.

Njiani kwenda uwanja wa ndege nilimwomba radhi.

"Radhi ya nini, mdogo wangu? Miaka yote hii sikujua kama wananitaka au wamechoka kutafuta mwingine. Sasa najua."

Nimerudi na jambo ambalo sikulikuta kwenye vitabu vyangu. Nilidhani kura humlinda mwananchi tu. Kumbe hata anayeongoza huihitaji, ili ajue amesimama wapi. Ila mtawala mwenye mafuta anaweza kukaa miaka mingi bila kuhitaji kujua.