Rangi za Mama Tembo

Nikiri mapema: mtu wa kwanza kumcheka shangazi yangu nilikuwa mimi. Kila mwaka mvua zikikatika, alishusha kopo la rangi ya mafuta kutoka juu ya kabati, akajifunga kitambaa kichwani, akaenda kumpaka rangi tembo wa saruji ambaye hakuna aliyekuwa akimtazama tena.

"Shangazi, paa linavuja, wewe unaremba tembo!"

"Paa linajua kuvuja lenyewe, mwanangu. Tembo hajui kujipaka."

Ukibishana na mtu wa namna hiyo utazeeka bure. Nilirudi kwenye cherehani yangu nikinung'unika njia nzima.

Tembo huyo alijengwa na mumewe, fundi mwashi, ambaye sote tulimwita Fundi tu, utadhani duniani hakuna fundi mwingine. Enzi hizo barabara kuu ilipita mbele ya mlango wao. Fundi alianza na twiga mmoja, mchezo tu, kwa saruji iliyosalia kazini. Basi moja likasimama, abiria wakashuka kupiga picha. Kesho yake yakasimama mawili. Haikupita miaka mingi, pakawa na twiga wawili, simba, kiboko aliyechomoza kichwa kwenye dimbwi, na tembo mkubwa kuliko lori, ambaye watoto waliteleza kwenye mkonga wake. Shangazi alikaa kwenye kidirisha cha tiketi. Mpiga picha naye alishinda hapo na kamera yake shingoni, hana nafasi hata ya kunywa maji.

Fundi alikuwa na kawaida yake. Hakumaliza mnyama bila kumwita aliyemsaidia siku hiyo abandike kiganja kwenye saruji mbichi, nyuma ya mguu. "Mnyama lazima amjue mwenyewe," alisema. Siku ya tembo, msaidizi alikuwa binti yao wa pekee, wa miaka minne, tuliyempachika jina la Chiriku kwa sababu mdomo wake haukupumzika hata akila. Msaada wenyewe ulikuwa kuchota maji kwa kikombe na kumwagia baba yake miguuni. Hata hivyo aliitwa kwa heshima zote, akashindilia kiganja nyuma ya mguu wa mbele wa kushoto, kisha akauliza, "Baba, tembo anasikia kutekenywa?" Nilikuwepo, nina miaka tisa, na wivu ulinijaa tele.

Mwaka uliofuata homa ya siku tatu ikamchukua Chiriku.

Sasa sikia linaloniuma mpaka leo. Maelfu ya watoto wa watu walipigwa picha pale, wamepanda mkonga, wamekumbatia simba. Chiriku hakupigwa hata moja. Mpiga picha alikuwa na wateja, na mtoto wa nyumbani si yupo tu, atapigwa kesho. Siku ya mazishi ndipo walipotafuta picha nyumba nzima, wakakosa. Kilichobaki cha Chiriku kilikuwa kile kiganja.

Baadaye barabara mpya ikachongwa nyuma ya kilima, na mabasi yakahamia huko yote kwa siku moja. Fundi alikaa kwenye benchi miaka miwili akisikiliza magari yakipita upande wa pili, halafu naye akamfuata bintiye. Wezi wa vyuma wakaja na misumeno. Waliwakata twiga wakachomoa nondo, wakaacha miguu minane imesimama peke yake kwenye majani. Simba akapukutika uso, kiboko akafunikwa na matope. Juu ya lango, katika neno KARIBUNI, zikabaki herufi tatu za mwanzo.

Tembo tu ndiye alikuwa mzima. Shangazi alimpaka kijivu, kijivu kikiadimika akampaka bluu, na mwaka mmoja akampaka kijani cha mageti, akawa kituko. Watu wakambandika shangazi jina la Mama Tembo. Kila mara alianza na kile kiganja, kwa brashi ndogo, taratibu, mvua isije ikakila. Akimaliza hapo ndipo alipomgeukia tembo.

Siku moja nikamtolea uvivu. "Shangazi, unakifukia kwa mkono wako mwenyewe! Miaka ishirini na sita unakijaza rangi. Shika uone kama kuna kitu hapo."

Akasita. Akatia kidole mahali pale, akakipitisha juu, chini, juu tena. Pote palikuwa bapa.

"Kimejaa," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi nilikuwa nakifunika kisilowe."

Alifunga kopo, akaenda nyumbani, na tangu siku hiyo hakushika brashi. Natamani ningeung'ata ulimi wangu ukatike.

Kiwanja hakikuwa chao. Mwenyewe alikiuza kwa watu wa kujenga maghala, na barua ikaja: siku saba. Nilidhani shangazi atalia, atakwenda kubembeleza. Wapi! Aliikunja barua akaiweka chini ya kikombe.

"Tembo wamchukue. Mimi nataka mguu wa mbele wa kushoto. Nitakaa niukwangue rangi mpaka nimfikie mwanangu, hata ikinichukua mwaka."

Peke yetu tusingeuweza mguu ule, tukangoja wabomoaji; asubuhi ya siku ya nane tulifika na patasi na gunia. Buldoza lilikuwa linanguruma tayari. Dereva, bwana mnene mwenye kijiti cha meno mdomoni, alichungulia kutoka juu. "Jamani, mama zangu, kazi hii nimepewa siku moja!"

Nilimpa vidonge vyake. Nilimweleza habari ya mtoto, ya picha, ya kiganja, yote kwa pumzi moja, na matusi mawili matatu ya kusindikizia. Alizima mashine. Akatema kijiti, akashuka, akachukua nyundo kubwa.

"Nionyesheni nipige wapi."

Alipiga juu ya goti, kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi. Pakachanika ufa. Akapiga mara ya pili, na mguu haukukatika, ulimwagika! Fundi, Mungu amrehemu, saruji ilikuwa imemwishia kwa yule mnyama wa mwisho, akazidisha mchanga. Mguu mzima ulituporomokea miguuni ukawa kifusi.

"Huu ulisimama kwa rangi tu," dereva alisema, akiweka nyundo chini.

Shangazi alipiga magoti akaanza kuupekua mchanga kwa mikono miwili. Hakulia. Alikuwa akiita tu, "Chiriku. Chiriku." Aliyelia ni mimi, kwa sauti, bila aibu. Nilimchukia Fundi na mchanga wake, nikajichukia mimi na mdomo wangu.

Magamba ya rangi yalitapakaa kila mahali. Moja lilikuwa karibu na goti la shangazi, pana kama sahani, nene kama soli ya kandambili, bluu, limelala bapa. Nililiokota lisimkate. Kabla sijalitupa nikalikung'uta mchanga, nikaligeuza.

Upande wa ndani ulikuwa na mkono.

Haikuwa alama. Ulikuwa mkono wenyewe, umetuna juu, vidole vitano vidogo, gumba limejitenga pembeni, hata mikunjo ya kiganja ipo. Rangi ya miaka yote ilikuwa imeingia kwenye lile shimo, tabaka juu ya tabaka, ikakauka kwa umbo lake. Ya kijivu, ile ya kwanza kabisa, ndiyo ilikuwa ngozi.

"Shangazi," nilisema. Nikamnyooshea lile gamba.

Alilipokea, akafuta mchanga kwa pindo la gauni, kidole kimoja kimoja. Halafu akatandaza kiganja chake juu ya kile kidogo, akakikunja, akakishika kama unavyomshika mtoto mnapotaka kuvuka barabara. Dereva aligeukia upande wa pili akajitia anakagua mnyororo wa buldoza.

Shangazi aliinuka bila kuniomba mkono.

"Haya, twende nyumbani," alisema, na hakuwa anasema na mimi.